Kesi ya mkono uliotapikwa na papa, Sydney 1935: kilichoiua ni usiku mmoja wa Juni

Hii kesi wengi wanaisimulia kama maajabu ya baharini, papa katapika mkono wa mtu mbele ya watoto, watu wanashika vichwa, basi stori imeisha. Mi naona papa ni mlango tu. Ukiingia ndani unakuta bima za uongo, unga, hundi za kufoji, mtu anajipiga risasi ya kichwa na hafi, na shahidi anayekufa saa chache kabla ya kusimama kizimbani. Na jambo ambalo mi sikubaliani nalo kabisa ni ile kauli kwamba mtuhumiwa alipona kwa sababu maiti haikupatikana. Twende taratibu utaona.

Alhamisi ya tarehe 25 Aprili 1935, Coogee, ufukweni mwa jiji la Sydney, Australia. Ilikuwa sikukuu yao ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa vitani kwaiyo watu wametoka na familia. Pale Coogee kulikuwa na bwawa la maonyesho na wenye nalo walikuwa wanahangaika, maana ule ni wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, kazi hakuna, nani ana hela ya kulipa kiingilio aangalie samaki? Siku kama nane nyuma wakapata bahati. Walitega ndoana maili chache kutoka ufukweni, papa mdogo akanasa, alafu akaja papa mkubwa aina ya chui, karibu mita nne, akamvamia yule mdogo palepale kwenye kamba na yeye akajinasa. Wakamburuta mzimamzima wakamtia bwawani. Watu wakaanza kuja, biashara ikafufuka.

Sasa hiyo siku ya sikukuu papa akawa anazunguka kama anaumwa, anajigonga, akajikunja akaanza kutapika. Katoka panya, katoka ndege, na katikati ya ule uchafu unaoelea kukatoka mkono wa kushoto wa binadamu. Kwenye ngozi kuna tatuu ya mabondia wawili wametazamana wamekunja ngumi, na kwenye kifundo cha mkono kuna kipande cha kamba kimefungwa.

Hiyo kamba ikumbuke, nitairudia.

Mawazo ya kwanza ya kila mtu yalikuwa kwamba kuna muogeleaji kaliwa. Daktari wa serikali akaangalia, mtaalamu wa majeraha ya papa naye akaangalia, wakasema hapana, meno ya papa yanachana na kurarua, huu umekatwa kwa kisu chenye makali. Wala sio mkono uliotoka kwa wanafunzi wa udaktari waliotaka kutania watu, maana mkataji hakuwa mtu wa fani. Papa wa watu akauawa akapasuliwa, tumboni hamna kiungo kingine. Yaani polisi walikuwa na mkono mmoja basi, ila mkono uliobaki vizuri kiasi kwamba alama za vidole zilisomeka. Kwanini haukusagwa? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba aliyeumeza kwanza ni yule papa mdogo, alafu yeye akaliwa na mkubwa, na papa akishavuliwa akafungiwa kwenye bwawa dogo tumbo linagoma kufanya kazi.

Alama za vidole zikamkuta mtu ambaye polisi walishakuwa naye kwenye mafaili: James Smith, miaka 45, Mwingereza wa kuzaliwa, bondia wa zamani, kafanya kazi kwenye meza za biliadi, kapokea kamari za mbio za farasi, mtu wa dili ndogondogo za mjini. Ndugu yake naye akaitambua ile tatuu. Mwanzoni mwa Aprili jamaa alimuaga mkewe kwamba anaenda kuvua samaki, hakurudi.

Hapo ndo tunahamia kwenye mji wenyewe. Cronulla iko kusini mwa Sydney, saivi imemezwa na jiji ila 1935 ilikuwa mji mdogo wa pwani, reli yenyewe ilifika 1939. We fikiria Kigamboni kabla ya daraja, wavuvi, hoteli ya kunywea, na vijumba vya kupangisha watu wa mjini wanaokuja kupunga upepo wikendi. Mgeni akikodi kijumba mwezi mzima hakuna anayeshangaa, akikodi na boti ndo kabisa anaonekana wa kawaida. Smith alionekana mara ya mwisho kwenye hoteli moja ya hapo inaitwa Cecil, anakunywa na kucheza na mtu aitwaye Patrick Brady. Brady alikuwa na rekodi ya kufoji, mkono wake unaiga sahihi ya mtu yeyote, na alikuwa kapanga kijumba mtaa wa Taloombi, karibu na ghuba ya Gunnamatta.

Polisi walipofika kwenye kile kijumba mpangaji kashaondoka. Kulikuwa na sanduku la bati halipo na godoro limebadilishwa. Ukisikia tu hivyo unajua kichwani kwako nini kilitokea, na polisi nao walijua kichwani kwao hivyohivyo, tatizo ni kwamba mahakama haisikilizi yaliyo kichwani. Waliamini mwili ulikatwa ukashindiliwa kwenye sanduku ukatoswa majini. Jeshi la majini likatafuta, ndege zikapita juu, wapi.

Alafu akajitokeza dereva teksi. Huyu kwangu ndo shahidi mzuri kuliko wote kwenye kesi nzima maana hana upande. Akasema siku zilezile Smith alipopotea alimchukua Brady kutoka Cronulla, mtu mwenyewe nguo zimevurugika, mkono mmoja hautoki mfukoni, anaficha kitu, ana hofu usoni. Akampeleka mpaka upande wa kaskazini wa bandari, McMahons Point. Yaani kavuka jiji zima kwa teksi, kipindi ambacho watu wanatembea kwa miguu kuokoa nauli. Na mlango alioshukia ni wa Reginald Holmes.

Holmes ndo anayeifanya hii kesi iwe noma. Kwa nje alikuwa mtu wa heshima, ana karakana ya kutengeneza boti pale Lavender Bay, biashara ya familia, mke na watoto. Kwa ndani boti zake za mwendo kasi zilikuwa zinatoka usiku kuokota mizigo iliyotupwa kutoka kwenye meli zinazopita, kokeni na sigara za magendo, zinarudi kabla hakujapambazuka. Smith alikuwa mtu wake. Kuna boti moja ya kifahari iliitwa Pathfinder ilizama 1934 ikiwa mikononi mwa Smith, bima yake ilikuwa kubwa kuliko thamani ya boti, kampuni ya bima ikanusa mchezo na hela haikutoka. Baada ya hapo uhusiano ukaharibika. Brady naye akaingizwa kwenye mchezo mwingine, Holmes analeta sahihi za wateja wake wenye hela, Brady anazifoji kwenye hundi. Sasa watatu wanajuana siri, dili zimekwama, mmoja hana kitu. Polisi walivyoona wao ni kwamba Smith alianza kumkamua Holmes, nipe hela la sivyo naanika kila kitu. Mtu akishafikia hapo na watu wa aina ile anakuwa ameshajichimbia.

Katikati ya Mei Brady akakamatwa akafunguliwa kesi ya mauaji. Holmes akaulizwa, akasema huyo Brady mimi simjui. Kumbuka kuna teksi imemshusha mtu mlangoni kwake.

Tarehe 20 Mei Holmes akachukua boti yake moja akatoka bandarini, akajiwekea bastola kwenye paji la uso akafyatua. Risasi ikagonga mfupa ikabapa. Akapoteza fahamu akadondoka majini, maji ya baridi yakamzindua, na kwa bahati kamba ilikuwa imemzonga mkononi akajivuta akapanda tena kwenye boti. Damu inamtoka usoni. Boti za polisi zikafika, yeye akawasha injini akakimbia. Unaambiwa alifukuzwa takriban masaa manne, anapita katikati ya feri na meli za mizigo, mtu mwenye tundu la risasi kichwani, na wananchi wanaangalia kutoka ufukweni. Mtu angekuletea hiyo kwenye maandishi ya kubuni ungemwambia punguza.

Akakamatwa, akatibiwa, akafunguka. Maelezo yake yalikuwa kwamba Brady ndo kamuua Smith, kamkatakata na kumtosa Gunnamatta, alafu kaja nyumbani kwake na ule mkono kumtishia na kumdai hela, kisha akauacha. Holmes akauchukua akaenda kuutupa baharini Maroubra.

Hapa nataka tukae kidogo, maana watu wanayapita haya maelezo haraka wakati ndo kiini chenyewe.

Kwanza jiulize, kwanini mkono? Mtu ameshapata kazi ya kuficha mwili wote, anabakiza nje kiungo kile kimoja chenye tatuu ambayo mtaa mzima unaijua? Wapo wanaosema sanduku lilijaa mkono ukakosa nafasi. Sawa inawezekana, ila mi sioni kama inatosha. Ile tatuu ni mbaya kuwa nayo kama unaficha, lakini ni nzuri sana kama unataka kumuonyesha mtu. Ukimwambia Holmes nimemuua Smith anaweza asikuamini, ukimuwekea mabondia wawili mezani hana la kuuliza. Mkono ulikuwa risiti. Na ndo maana safari ya teksi ina mantiki, hakuna mtu anayevuka jiji na kiungo cha maiti mfukoni kwa ajili ya kupiga soga.

Pili, angalia ramani. Gunnamatta iko mbali kusini. Maroubra na Coogee ziko jirani, ni ufukwe na ufukwe. Kama mkono ungetupwa pamoja na mwili kule Cronulla ingebidi papa aogelee umbali mrefu ndo aje kunasa Coogee, haishindikani ila ni bahati juu ya bahati. Kama ulitupwa Maroubra kama alivyosema Holmes, papa alinaswa jirani kabisa. Kwaiyo sehemu hii ya maelezo yake ina kitu nje ya mdomo wake kinachoiunga mkono, na mtu muongo kama yule ukimkuta na kitu cha namna hiyo unakishika kwa mikono miwili.

Tatu, kamba. Hii inanisumbua. Kamba kwenye kifundo cha mkono maana yake kulikuwa na uzito umefungwa, jiwe au chuma, ili usielee. Nani alifunga? Kama ni Holmes alipokwenda kuutupa basi sio yule mtu aliyechanganyikiwa anayerusha kitu kwenye mawimbi na kukimbia, ni mtu aliyejipanga, tena fundi boti anayejua mafundo. Kama alifunga Brady basi nia ya kwanza ilikuwa kuuzamisha na mengine, mpango ukabadilika katikati. Hayo ni maswali ambayo wakili mzuri angemuuliza Holmes ana kwa ana kizimbani. Hakupata nafasi.

Uchunguzi rasmi wa kifo cha Smith ulipangwa kuanza Jumatano tarehe 12 Juni. Holmes ndo shahidi mkuu, tuseme ukweli ndo kesi yenyewe. Siku ya tarehe 11 akatoa benki pauni 500, hela ambayo kibarua wa kawaida angefanya kazi zaidi ya miaka miwili hajaipata. Usiku akamwambia mkewe ana mtu wa kuonana naye, akaingia kwenye gari akaondoka. Alfajiri akakutwa barabara ya Hickson, Dawes Point, chini kule karibu na daraja kubwa la bandari, yuko ndani ya gari lake kapigwa risasi tatu kwa karibu. Saa chache baadae uchunguzi ukafunguliwa, shahidi wake mkuu yuko mochwari.

Mi huwa nasoma hapo narudia. Huyu ni mtu aliyekiri kwamba alishika kiungo cha marehemu, alishajaribu kujiua mchana kweupe, anajua biashara ya unga bandarini inaendeshwa na nani, na ametangazwa anaenda kutoa ushahidi asubuhi. Na akaweza kutoka nyumbani usiku peke yake na gari lake! Hata kama hakuna sheria ya kulinda mashahidi, mweke askari mmoja mlangoni. Mmoja tu.

Na Brady? Brady alikuwa mahabusu. Hakuweza kuwa yeye aliyefyatua. Wanaume wawili wengine walishtakiwa kwa kifo cha Holmes, kesi ikaenda mara mbili, mwisho wa mwaka wakaachiwa. Kwaiyo vifo viwili, hakuna hata mmoja aliyefungwa.

Sasa tuje kwenye ule msemo wa hakuna maiti hakuna kesi. Chanzo chake ni huu: wakati uchunguzi unaendelea wakili wa Brady, Clive Evatt, alikwenda mahakama ya juu akajenga hoja kwa kanuni za kale za Kiingereza kwamba afisa anayechunguza vifo hawezi kuchunguza kifo bila maiti, na mkono sio maiti. Smith anaweza kuwa yuko mahali anaishi na mkono mmoja, alisema, na kisheria nani wa kumbishia? Jaji akakubali, uchunguzi ukasimamishwa. Watu wakalibeba hilo kama vile mahakama imesema huwezi kumshtaki mtu kwa mauaji bila mwili. Haikusema hivyo. Ilizungumzia mamlaka ya yule afisa tu. Ushahidi wa mazingira ukiwa mzito mtu anatiwa hatiani bila hata ukucha wa marehemu, na misingi hiyohiyo ya Kiingereza ndo tuliyorithi sisi huku Tanzania na Kenya.

Na uthibitisho ni kwamba kesi ya mauaji ilifunguliwa kweli. Septemba 1935 Brady akapandishwa mbele ya Jaji Mkuu wa jimbo, Sir Frederick Jordan. Kilichotokea humo ndani ndo jibu la kila kitu. Upande wa mashtaka walikuwa na kijumba, sanduku lisilokuwepo, hoteli, dereva teksi. Vyote hivyo vinamuweka Brady karibu na Smith na karibu na Holmes, hakuna hata kimoja kinachomuweka na kisu mkononi. Aliyekuwa anaviunganisha ni Holmes peke yake, na maneno aliyowaambia polisi hayakupokelewa, kwa sababu marehemu haapi na wala hahojiwi na upande wa pili. Ni sheria ngumu ila ina sababu, hebu fikiria ni wewe umeshtakiwa na aliyekutaja ni mshirika mwenye kila sababu ya kukusukumia mzigo, alafu hayupo umuulize. Jaji alipoona kilichobaki hakitoshi akaelekeza baraza la wananchi wanaoamua kesi (jury) limuachie. Siku mbili tu, imeisha.

Kwaiyo weka Holmes hai kizimbani, mwili bado haujapatikana, Brady ana hali mbaya sana. Weka mwili umepatikana wote kwenye sanduku pale Gunnamatta ila Holmes amekufa, bado unahitaji mtu wa kusema nani alikata. Ndo maana nasema kilichoiua kesi ni ule usiku wa tarehe 11 Juni.

Nani alimuua Holmes? Kuna nadharia maarufu kwamba alijikodishia wauaji mwenyewe, zile pauni 500 ni malipo yake, kwa sababu angejiua bima ya maisha isingelipwa na familia ingebaki na aibu bila hela, lakini akiuawa italipwa. Inavutia, na inaendana na mtu aliyekuwa ameshajaribu wiki tatu nyuma, na mtu aliyeishi kwa kucheza na bima. Ila mi naona inawasafisha wengine kirahisi mno. Mtu akitoa hela nyingi usiku wa kuamkia ushahidi na kwenda kuonana na mtu gizani, maelezo ya kawaida kabisa ni kwamba anaenda kulipa wamuache, na waliopokea wakaona hela wachukue na mdomo waufunge. Tena kuna wanaodai Smith alikuwa anapeleka taarifa polisi. Kama ni kweli, waliomtaka afe ni wengi kuliko Brady na Holmes, na waliomtaka Holmes anyamaze ni haohao, watu wa ule mtandao wa magendo ambao majina yao hayakuwahi kutajwa mahakamani.

Brady akaishi miaka mingine thelathini, akafa Agosti 1965. Mpaka anaingia kaburini alishikilia kwamba hakumuua Smith. Inawezekana alisema kweli kuhusu kisu. Kuhusu alichokuwa anakificha mfukoni ndani ya ile teksi, mi simuamini.